Pikipiki ya Honda CG125: kitabu cha mmiliki au cha gereji?

Swali, Mwanjelwa: Wakuu, nataka kufungua silinda hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu). Kitabu cha mmiliki kinatosha?

Uyole: Hakitoshi, mkuu. Hicho ni cha oili, plagi na mnyororo. Cha gereji kina vipimo vya uchakavu, nguvu ya kukaza kila nati na mchoro wa nyaya. Bila hivyo hedi inaweza kupinda.

Mafinga: Ukishafunga, pima upenyo wa valvu (nafasi kati ya roka, yaani mkono unaosukuma valvu, na valvu yenyewe) injini ikiwa baridi. Linganisha alama ya T ya magneti na alama iliyo kwenye injini; roka zote mbili zicheze. Zikikaza, zungusha krenki (shafti kuu ya injini) mzunguko mmoja kamili. Upenyo milimita 0.08. Ukibana zaidi, valvu haifungi, inaungua.

Mwanjelwa: Pikipiki za Kichina zilizoiga CG125 je?

Uyole: Zinafanana, lakini vipimo vinaweza kutofautiana. Tafuta kitabu cha modeli yenyewe.