Vivimbe vya mifupa vya watoto wetu: tuanze kusoma seli moja moja hapa Uganda, au tungoje?

Mleta mada (fundi wa maabara, Kampala)

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo linaloninyima usingizi. Osteosarkoma, saratani ya mfupa inayowashika zaidi vijana wanaorefuka, huanzia mara nyingi karibu na goti, kisha hukimbilia mapafuni. Dawa zake kuu, yaani metotreksati, doksorubisini na sisplatini, ni zile zile tangu miaka ya 1980. Penye matibabu kamili, katika vijana 100 ambao ugonjwa haujasambaa, 60 hadi 70 huvuka miaka mitano. Ukishafika mapafuni, hawafiki 30. Hesabu hiyo imekwama kwa takriban miaka 40.

Uvimbe huu si kitu kimoja. Mna seli zinazojenga mfupa ovyo, zinazojenga gegedu, zinazokula mfupa, mishipa ya damu, na askari wa kinga ya mwili waliogeuzwa wakawa walinzi wa adui. Zamani wachunguzi wa jeni waliusaga uvimbe wote na kupata wastani. Ukishasaga karanga na simsim pamoja, utajuaje punje ipi ilikuwa imeoza? Kusoma seli moja moja ni kurudi kwenye ungo na kuchambua. Vimeng'enya hulegeza nyama hadi seli zielee, kila seli huingia kwenye tone lake la maji ndani ya mafuta, RNA yake, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi ndani ya seli hiyo, hupigwa alama, na baadaye kompyuta inajua kila ujumbe umetoka seli gani. Mwaka 2020 watafiti wa China walichapisha uchunguzi wa vivimbe 11 vya osteosarkoma, seli 100,000 na ushee. Mimi nazitazama zaidi zile zinazosalia. Baada ya dawa za mwanzo mpatholojia hupima ni kiasi gani cha uvimbe kimekufa, na ikifika asilimia 90 tunafurahi. Hizo 10 zilizobaki ni seli za namna gani, na zimeponaje?

Hoja yangu: serikali itenge fedha tuanze sasa kugandisha vipande vya uvimbe, hata kabla ya kuwa na mashine ya kusoma seli. Leo kipande chote kinatiwa fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kisha mfupa wake hulainishwa kwa asidi ili ukatike. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi. Kinaingia kigumu kama kokoto, na baada ya siku kadhaa kisu kinapita kama kwenye muhogo uliochemka. Kwenye darubini kinasomeka vizuri. RNA yake ndiyo imekwisha kuharibika. Lakini kipande kidogo kama punje ya harage kikigandishwa papo hapo kwa nitrojeni ya kimiminika, viini vya seli zake vinaweza kusomwa hata miaka mingi baadaye.

Mama mmoja, Busia

Fundi, nakuheshimu, ila nitasema yangu. Mwanangu alikuwa na miaka 14 goti lilipovimba. Kila mtu alisema ameumia kwenye mpira, tukaenda kwa mkandaji. Kituo cha afya wakatupa dawa za maumivu. Eksirei tuliiona mwezi wa tano tangu goti livimbe. Kipande kikakatwa, tukangoja majibu wiki saba, halafu hospitali hiyo, sitaitaja, ikasema kipande hakionekani, tukate kingine. Mara ya pili mwanangu hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, kile cha kwanza walikipeleka wapi?"

Alikatwa mguu. Akaishi mwaka mmoja na miezi miwili. Sasa nyinyi mnataka mkate cha tatu, cha kuweka kwenye barafu. Hizo hela pelekeni kwenye eksirei huko vijijini.

Mwanafunzi, Makerere

Mama, pole sana. Kuhusu eksirei uko sahihi, na sina la kuongeza.

Lakini tusisahau Mulago yenyewe, hospitali kuu ya Kampala. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa hapa. Vipande vikasafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 kirusi kikatambuliwa ndani yake, kikaitwa kwa majina ya watafiti wake, Epstein na Barr. Sisi tulitoa watoto, wao wakatoa majina. Hata hivyo, Taasisi ya Saratani ya Uganda ilizaliwa mwaka 1967 kutokana na utafiti huo huo, na wodi ikakua pamoja na maabara. Leo seli za osteosarkoma zinazosomwa ni za Wachina, Wazungu na Wamarekani. Wa kuzichambua data tunao, Makerere kuna kituo cha bioinformatiki, yaani uchambuzi wa data za jeni kwa kompyuta. Tusipokuwa na vipande vyetu, tutabaki kusoma vya wengine.

Muuguzi, Arua

Nitrojeni ya kimiminika? Kwetu umeme ukikatika tunahangaikia chanjo. Na kusoma sampuli moja kunaweza kula zaidi ya dola 1,000, kwa saratani inayopata watu 3 au 4 katika kila milioni kwa mwaka. Fundi, anzeni Kampala mtuonyeshe kwanza. Na msipeleke kitu nje kimyakimya. Kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia kipo kwa kazi hiyo.

Mleta mada

Mama, swali la mwanao limenikaa moyoni tangu jana. Nilipaswa kuanza nalo.

Sitaki mtoto akatwe mara ya tatu. Kipande cha kugandisha kitoke kwenye mkato ule ule, mpatholojia akishapata cha kumtosha, au kwenye uvimbe wenyewe siku unapotolewa kwa upasuaji, maana siku hiyo nyama ipo tele. Na nabadilisha pendekezo langu: fedha za kwanza zinunue daftari la kufuatilia kila kipande tangu meza ya upasuaji hadi majibu, na mtu wa kulishika. Hospitali inayopoteza kipande cha vipimo haijafikia kugandisha. Muuguzi naye ana haki, Arua isubiri. Pale tu ambapo sikubali ni kungoja mpaka eksirei zienee ndipo tuanze. Watoto wanaofanyiwa upasuaji mwezi huu Kampala, uvimbe wao unatoka leo.

Mama mmoja, Busia

Basi fomu iandikwe kwa Kiswahili na Kisamia, si Kiingereza peke yake. Iseme kipande kiko friji gani, nani ana ufunguo, na nikitaka kirudi nikizike pamoja na mguu nimwone nani. Ningeyaona hayo yameandikwa, ningetia saini.