Naomba ushauri: mafuta ya bangi na utulivu wangu wa sala

Wapendwa, habari zenu. Huu ni mwaka wa tatu naishi na maumivu ya neva miguuni. Daktari aliniandikia mafuta ya bangi, CBD nyingi na THC kidogo (hizi ni kemikali mbili za mmea wa bangi), matone machache chini ya ulimi kila usiku. Usingizi umerudi, namshukuru Mungu.

Kinachonisumbua ni alfajiri. Nimezoea kuamka kabla hakujapambazuka, nakaa kimya, nasali. Zamani nikimtaja marehemu mama, machozi yalinitoka. Siku hizi natulia tu, kama maji mtungini. Je, utulivu huu ni wa roho au wa dawa? Najua THC ndiyo inayolevya, na kwa imani yangu ibada hutaka akili timamu.

Kuacha kiholela sitaki, maumivu yale nayajua. Tena natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na CBD huweza kuiongezea nguvu mwilini, hivyo kila dozi ikibadilishwa lazima nipimwe damu.

Mliopitia haya, mlifanyaje? Mlisogeza saa ya dawa, au saa ya sala? Na kiongozi wenu wa dini mlimwelezaje bila kuonekana mvuta bangi?