Mama hataki kitu chochote kitoke ndani, nyumba imejaa mpaka mlangoni. Tumsaidieje?

BintiNgamiani

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri maana tumefika mahali ndugu hatusikilizani tena.

Mama yetu yuko Tanga, nyumba ya familia aliyojenga marehemu baba, vyumba vinne na uwani. Ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua na sukari ipo. Zamani alikuwa mtu wa kutunza vitu kawaida tu kama wamama wote ila tangu baba afariki hatoi kitu, yani hatoi kabisa. Chumba tulichokuwa tunalala watoto mlango haufunguki wote, unapita ubavu ubavu. Mule ndani kuna magazeti yamefungwa kamba, makopo ya maziwa ya unga, madumu ya mafuta, ndoo zilizopasuka, friji mbovu mbili, TV ya chogo, nguo zote za baba, mpaka mifuko ya rambo imekunjwa vizuri ikajazwa kwenye mfuko mwingine wakati ilishapigwa marufuku toka Juni 2019. Jikoni hapikiki, jiko la mkaa kaliweka kwenye korido. Uwani ndo usiseme, mabati, mbao zenye misumari, matairi, beseni zimekinga maji ya mvua.

Ukigusa kopo tu anakuuliza unalipeleka wapi, ukisema nalitupa anakunyang'anya, anaanza kutetemeka, siku nyingine analia kabisa. Anasema "kitafaa hicho, nyie hamjui".

Kaka mkubwa kashapanga, mama akienda kwa shangazi Muheza yeye analeta kirikuu na vijana, wanabeba kila kitu wanapeleka dampo, mama akirudi anakuta nyumba nyeupe. Dada anasema tumuache amalizie uzee wake kwa amani. Mi naogopa yote mawili, maana usiku akienda chooni anapita gizani kwenye kanjia kembamba na majuzi alijikwaa akaangukia mkono.

Je huu ni ugonjwa au ni uzee tu? Na kama ni kupunguza mnaanzia wapi bila kumvunja moyo?

---

Mkongwe wa Reli

Marahaba binti yangu, pole sana na mpe pole mama.

Kwanza mwambie kaka yako hilo la kirikuu aliache, aliache kabisa. Kuna familia jirani zetu hapa walifanya hivyohivyo kwa bibi yao, tena kwa nia njema, walimtoa akasalimie ndugu huku nyuma wakamwaga vyote. Bibi aliporudi hakugombana na mtu, alinyamaza tu, halafu akaanza kukusanya upya na safari hii akawa anafunga chumba kwa kufuli, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuingia tena. Na kwenye yale magazeti waliyoyapeleka kuchomwa ndimo ilimokuwa barua ya toleo ya kiwanja, mpaka leo wanahangaika nayo ardhi. Wazee wetu hawakuwa na mafaili, karatasi muhimu iliwekwa kwenye gazeti, gazeti kwenye mfuko, mfuko chini ya godoro.

Pili nataka mumuelewe mama. Mtu wa sabini na kitu leo, ile miaka ya baada ya vita vya Kagera alikuwa mwanamke kijana ana nyumba na watoto wadogo. Nyie hamkuiona. Kuanzia 1979 mpaka katikati ya themanini dukani hamna kitu, sabuni foleni, sukari foleni, unapanga mstari toka alfajiri hujui hata kinachouzwa ni nini, unajua tu kuna kitu kimekuja. Watu walifua kwa majani ya mpapai. Tulikula unga wa yanga, yani wa mahindi ya njano. Kopo lenye mfuniko lilikuwa mali, dumu zima lilikuwa mali, kitambaa cha zamani ndo nepi ya mtoto. Halafu 1983 ikaja ile operesheni ya wahujumu uchumi, ukikutwa na katoni za sabuni ndani una kesi, watu wakawa wanatupa bidhaa usiku kwa hofu. Mwanamke aliyelea watoto kipindi kile alijifunza kwa mwili wake kwamba kitu kikitoka ndani hakirudi. Anaposema "nyie hamjui" ni kweli hamjui, na mkianza kwa kumwambia hizi ni takataka mnakuwa mmemwambia maisha yake yote alikuwa anatunza takataka.

Sisemi nyumba ibaki hivyo. Hapana, ataumia. Nasema mkae naye, mumuulize hivi vitu vina habari gani, msikilize kwanza, kazi itafuata.

---

nesi_mstaafu

Nimesoma yote. Mkongwe kaongea vizuri ila naomba niongezee upande wa hospitali maana swali la ugonjwa au uzee halijajibiwa.

Kutunza vitu siyo ugonjwa. Ila kuna hali inayotambulika kabisa kitabibu, mtu anashindwa kuachana na vitu hata visivyo na thamani, akijaribu anaumia kweli rohoni, na vinajaa mpaka sehemu za kuishi hazifanyi kazi yake, yani kitandani hapalaliki, jikoni hapapikiki. Zamani ilihesabiwa ni tawi la ule ugonjwa wa kurudiarudia mambo bila kutaka, ila toka 2013 madaktari wa akili Marekani wameiweka kama tatizo linalojitegemea na Shirika la Afya Duniani nalo likaiingiza kwenye orodha yake mpya iliyoanza kutumika 2022. Mara nyingi dalili zinaanza ujanani kidogokidogo, zinakua kadiri umri unavyoenda, na msiba kama huo wa baba unaweza kuzisukuma zikaruka. Siyo uvivu wala uchafu wa mtu, tafadhali mwambie kaka.

Kwa hiyo BintiNgamiani angalia haya. Alikuwa hivi kidogo toka zamani, au hakuwa hivi kabisa na imeanza ghafla uzeeni? Maana kama imeanza ghafla na anasahau, anapotea njia, anachanganya majina, au tabia zimebadilika asiwe yule mnayemjua, hapo inaweza kuwa ni ubongo unachoka na inabidi aonwe na daktari mapema. Pia msiba usioisha unaweza kuwa huzuni ya kuugua, mtu hali vizuri, halali, hana hamu ya kitu. Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, hapo Tanga nendeni Bombo mkaulize. Msimpeleke kwa kumdanganya, mwambieni tunakwenda kuangalia usingizi na huu mwanguko, ambayo ni kweli. Tiba yake kubwa ni ya mazungumzo, mtu anafundishwa pole pole kuamua na kuvumilia ile hofu ya kuachia kitu, siyo sindano ya siku moja.

Kinachonitisha mimi ni vitu vitatu na hivyo visisubiri mjadala. Njia ya kutoka kitandani kwenda chooni iwe wazi na iwe na taa, kwa mtu wa sukari kidonda cha mguu kutokana na msumari kinaweza kuishia kukatwa mguu, sitanii. Jiko la mkaa kwenye korido yenye magazeti litoke leo, moto na ile hewa ya mkaa vyote vinaua, aende akapikie uwani penye upepo. Na hizo beseni na matairi ya uwani. Mbu wa dengue anataga kwenye maji yaliyotulia ya namna hiyohiyo, na 2019 ugonjwa uliwashika Dar na Tanga wote. Kumwaga maji peke yake haitoshi maana mayai yanaganda kwenye ukuta wa chombo yanakaa makavu miezi, maji yakirudi yanaanguliwa. Sugueni kwa brashi kisha pindueni, matairi yatoeni au yawekwe ndani pakavu.

Hapo hujatupa kitu chake hata kimoja, umehamisha tu, na ukimweleza ni kwa ajili ya mguu wake atakubali.

---

Mama wa Kibokoni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Kwetu nyumba za ghorofa za zamani zimejaa hivyohivyo, bibi amekufa, mama amerithi vyake, yeye naye ameongeza vyake.

Mimi langu dogo. Musiseme "tutupe". Hilo neno lifuteni nyumbani kwenu. Mulizeni "hiki tumpe nani?" Mama yangu alikuwa hatoi hata kijiko, lakini siku nilipomuuliza vikombe hivi vya buluu tumpe nani alifikiri kidogo akasema vipelekwe madrasa, watoto hunywea maji kwa kopo moja. Akavifunga mwenyewe kwa khanga, akavipeleka mwenyewe. Wiki hiyohiyo akaanza kutafuta mwenyewe chengine cha kutoa. Mtu mzima akitupiwa kitu chake ameporwa, akikitoa yeye ni sadaka na ana thawabu zake, na kitu ni kilekile.

Na muyajue yale ambayo si mrundo. Masufuria makubwa, majamvi, sinia, hivyo ni vya mtaa mzima, ikitokea harusi ama matanga ndio hutoka. Hivyo pangeni vizuri, musivitoe.

---

dogo wa skrepa

Wakuu mi nanunua chuma chakavu, naingia kwenye nyumba kama hizi kila siku kwa hiyo naongea ninachokiona.

Dada, kabla hujaita mtu wa mzani panga vitu wenyewe. Chuma peke yake, alumini peke yake (masufuria yaliyotoboka, fremu za madirisha), shaba peke yake maana ndo ina bei, nyaya, koki za zamani, vitasa vya kizamani. Ukichanganya unapimiwa vyote kwa bei ya chuma na wengi wetu hatutakuambia, ndo ukweli. Uwe na mzani wa pembeni hata wa kuazima dukani. Pesa ikipatikana mkabidhini mama mkononi palepale, aihesabu yeye, msipokee nyie. Nimeona wazee wengi wakishika ile hela wanaanza kusema njoo na huku nyuma kuna kingine.

Cherehani ya zamani usimpe mtu wa kilo hata kama imeshika kutu, mpelekee fundi cherehani, nyingi zinahitaji mafuta na mkanda tu. TV ya chogo msiivunje, kile kioo kina madini ya risasi (lead) ndani, ni sumu, na mwenye kuumia ni watoto wanaochezea vipande. Betri za gari nazo zina tindikali, zisilazwe ubavu.

Na karatasi jamani, hapo namuunga mkono mzee. Kila mfuko ufunguliwe, kila gazeti likung'utwe. Kwenye makochi ingiza mkono kwenye pembe. Nimeshakuta hela za zamani, vyeti vya kuzaliwa, pete. Mwaminifu anarudisha, ila siyo wote.

---

BintiNgamiani

Asanteni sana, nimeisoma kwa sauti kwenye simu kaka akiwa anasikiliza, sehemu ya ile barua ya toleo alinyamaza kabisa maana hata sisi hati hatujui iko wapi. Kakubali kuahirisha kirikuu.

nesi, zamani alikuwa hivi kidogo, stoo ilikuwa imejaa ila nyumba ilikuwa safi. Hasahau, majina yote anayajua mpaka ya wajukuu wa jirani. Ila usingizi hana, na ukimtaja baba anaondoka anaenda kukaa uwani. Tutampeleka Bombo.

Jana nilimpigia nikamuuliza kama alivyosema Mama wa Kibokoni, yale makopo ya maziwa tumpe nani. Akakaa kimya nikajua nimeharibu. Halafu akasema kuna mama anauza karanga pale stendi anahitaji vya kupimia, ampe hayo yenye mfuniko. Yasiyo na mfuniko akasema tutaona. Kwa mama yangu hiyo "tutaona" ni kubwa mno. Nguo za baba nilijaribu kugusia akabadilisha mada, nimeziacha.

Jumamosi naenda, tunaanza na korido na njia ya chooni. Swali moja la mwisho, zile friji mbovu mbili kasema zitoke tu maana zinamzibia dirisha, namwita nani?

---

dogo wa skrepa

Friji anza na fundi friji siyo sisi. Kuna gesi ndani ya mabomba na kuna compresa, vijana wengi wanakata bomba kwa panga gesi inaruka hewani na wanaivuta. Fundi anaweza kuzichukua zote mbili kwa ajili ya vipuri na akakupa chochote. Ila kama zitakaa uwani hata siku mbili zikisubiri, ng'oeni milango kwanza, mtoto wa jirani akijificha ndani mlango ukijibana hatoki.

---

nesi_mstaafu

Hilo la milango lifanyike kabla ya kitu kingine chochote. Na vaeni viatu vilivyofunika vidole wote, na mama mtafutie vyake kabla hamjaanza, asiingie kwenye hiyo kazi na kandambili.