Mjadala: Mali aliyotoka nayo kwao bibi harusi wa Kiyahudi wa zama za kati, ilimlinda yeye au ililinda ukoo wake?

Mleta mada, Dar es Salaam

Ndugu wasomaji, kila inapozungumzwa habari ya ndoa za Wayahudi wa zama za kati, husemwa kwamba binti alitolewa na baba yake pamoja na shehena ya mali ya kumvutia mume, na kwamba yeye mwenyewe hakuwa na lake. Ninapinga maelezo hayo. Ninashikilia kwamba mali ile, pamoja na mapatano yaliyoandikwa kabla ya harusi, ndiyo iliyokuwa kinga kubwa ya mwanamke yule kuliko kitu kingine chochote alichokuwa nacho.

Ushahidi wangu unatoka katika geniza ya sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, karibu na Cairo, yaani chumba ambamo maandishi chakavu yaliwekwa badala ya kutupwa. Hati nyingi za ndoa zilizohifadhiwa humo ni za kati ya karne ya 10 na ya 13. Kwa mujibu wa hati hizo, mume alitoa sehemu ya mahari wakati wa ndoa, na sehemu iliyobaki ikaandikwa kuwa deni litakalolipwa akimpa mkewe talaka au akifariki. Wasomaji wa Kiislamu watautambua utaratibu huu mara moja, maana majirani wa Kiislamu wa Fustat nao walikuwa nao. Lakini jambo lenye uzito zaidi ni mali ya upande wa mke. Vito vya dhahabu, nguo, vyombo vya shaba na matandiko viliorodheshwa kimoja kimoja na bei yake kwa dinari, na jumla yake kwa kawaida ilizidi kwa mbali kile alichotoa mume.

Mume aliruhusiwa kuitumia mali hiyo, lakini sheria iliita sehemu kubwa yake «kondoo wa chuma»: hata ikichakaa au kupotea mikononi mwake, thamani iliyoandikwa ilibaki kuwa deni lake. Zaidi ya hapo, hati kadhaa zina masharti kwamba hataoa mke wa pili bila ridhaa ya mkewe, hataweka nyumbani mjakazi ambaye mkewe hamtaki, wala hatamhamisha mji bila idhini yake. Mtu asiye na lake haandikiwi masharti kama hayo.

Mchangiaji, Mombasa

Mleta mada ameeleza vizuri yaliyoandikwa, ila amepita haraka juu ya swali la nani aliyeketi kuyaandika. Talmud, mkusanyo mkuu wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, inamkataza baba kumposesha binti yake akiwa mtoto mpaka akue na kusema mwenyewe kwamba anamtaka fulani. Hata hivyo, wafafanuzi wa Talmud wa Ufaransa na Ujerumani, wale Watosafisti wa karne ya 12 na ya 13, walikiri kwamba katika zama zao watu walikuwa wakiwaposesha mabinti wadogo, na sababu waliyoitoa ni mali: dhiki za uhamishoni huzidi kila siku, na baba aliye na uwezo wa kumpa bintiye kitu leo huenda asiwe nao kesho. Hapo mali iliyosemwa kuwa ni kinga ndiyo iliyomnyima binti neno lake.

Halafu ipo amri ya Rabenu Tam, mwanachuoni wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1171. Mke akifa ndani ya mwaka wa kwanza wa ndoa bila mtoto, mali ilirudishwa kwa baba yake. Baadaye jumuiya za Kiyahudi za miji ya Speyer, Worms na Mainz huko Ujerumani zikaongeza kwamba akifa katika mwaka wa pili, nusu irudishwe. Ikiwa mali ilikuwa ya mwanamke kweli, kwa nini ilijua njia ya kurudi kwa baba?

Mleta mada

Ndugu wa Mombasa, kuhusu watoto wadogo sina la kupinga. Watosafisti wenyewe walijua wanaeleza dhiki, si uzuri. Ila amri ya Rabenu Tam naisoma tofauti kabisa. Sheria ya asili ilimfanya mume kuwa mrithi wa mkewe, kwa hiyo baba aliyempoteza binti baada ya miezi michache alipoteza na mali. Baba mwenye hofu hiyo hutoa kidogo. Amri iliondoa hofu ili mabinti wapewe zaidi, na tukumbuke kwamba binti mwenye kaka hakurithi, hivyo alichotoka nacho kwao ndicho kilichokuwa fungu lake. Huko Toledo, Hispania, katika karne ya 13, walikwenda mbali zaidi: mke akifariki, mume alibaki na nusu, na nusu ya pili ikaenda kwa watoto wake au warithi wake wengine.

Mchangiaji, Zanzibar

Ninyi nyote mnajadili familia zenye kitu. Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmud, inataja yatima anayeozwa kwa mali ya kiwango cha chini cha zuz 50, yaani sarafu za fedha za zamani zile, na mfuko wa sadaka ukiwa na uwezo aongezewe kwa kadiri ya heshima yake. Wakati huohuo mahari ya kisheria ya bikira, iliyotoka kwa mume, ilikuwa zuz 200. Mishna hiyohiyo inaagiza kwamba vitu vilivyokadiriwa bei viandikwe pungufu kwa moja ya tano, jambo linaloonyesha kwamba wanachuoni walijua orodha za harusi hutiwa chumvi.

Na deni lina nguvu kwa kadiri ya mali ya mdaiwa. David, ndugu yake Maimonides, yule mwanachuoni na tabibu mashuhuri wa Kiyahudi wa Fustat wa karne ya 12, alizama katika Bahari ya Hindi akiwa na fedha zake, za Maimonides na za watu wengine, akaacha mjane na binti mdogo. Mume wa namna hiyo akizama na mtaji, mjane anaishika hati, lakini mlango wa kwenda kudai ni upi?

Mleta mada

Swali hili ni zito kuliko yote yaliyotangulia, na ninakubali kwamba hati haikuweza kuokoa mtaji uliozama. Hata hivyo, watu wa Fustat waliijua hatari hiyo na waliishughulikia kwa maandishi. Wafanyabiashara waliosafiri mbali waliweza kuwaachia wake zao talaka yenye sharti, kwamba mume asiporudi kufikia muda uliotajwa, mke awe huru na aweze kudai mahari yake iliyoakhirishwa, badala ya kufungwa maisha yake yote kwa mtu ambaye hakuna shahidi wa kifo chake. Ninaomba anayeendelea na mjadala aanzie hapo: je, sharti la namna hiyo lililazimishwa na mke na ndugu zake, au lilitegemea hisani ya mume anayesafiri?