Forester ya tabo: sensa ya joto imekufa kweli? Skana, multimita au nibadilishe tu?

Wa_Pasua (Moshi)
Wakuu, kwema? Subaru Forester yangu ya tabo (turbo) asubuhi inawaka freshi. Nikiizima ikiwa ya moto kisha nikarudi baada ya dakika kumi, inasumbua kuwaka, halafu inatoa moshi mweusi unaonuka petroli. Feni zinazunguka muda wote, ila mshale wa joto umetulia katikati. Fundi mmoja kasema ninunue sensa, mwingine anataka apime kwanza. Nishike lipi?

Kibosho_4x4
Badilisha tu, mkuu. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nikafunga mpya, ikapona.

FundiUmeme_Arusha
Kibosho, wewe ilikubali, lakini mwenzako anaweza kununua sensa mbili na tatizo likabaki. Pasua, huo mshale usikutulize. Kwenye Subaru nyingi za zamani una sensa yake ya waya mmoja. Inayopeleka taarifa kwenye kontrolo boksi (kompyuta ya injini) ni nyingine, ya waya mbili. Hiyo ikidanganya kwamba injini ni baridi, boksi linamwaga petroli.

Mimi ningeanza na skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Gari ikishalala usiku kucha, fungua swichi bila kuwasha injini, linganisha joto la maji na la hewa inayoingia. Yanatakiwa kukaribiana sana. Ukikuta maji yanasoma hasi 40, au kodi ya hitilafu P0118, mkondo umekatika mahali, na skana haitakuambia ni wapi. Chomoa soketi ya sensa, unganisha matundu yake mawili kwa kipande cha waya. Namba ya joto kwenye skana ikiruka juu ya 100, nyaya na boksi ni wazima, kanunue sensa. Isiporuka, fuatilia waya.

Mama_Njiro
Nisiye na skana nilitumia multimita (kipima umeme) na sufuria ya maji, nikapima ukinzani wa sensa. Sensa nzima kwenye maji ya nyuzi 20 husoma omu 2,000 hadi 3,000. Kwenye nyuzi 80 hushuka hadi 300 hivi. Tumia kipimajoto, maana huku Arusha kwa mwinuko huu maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi, si 100.

FundiUmeme_Arusha
Dada, kipimo chako ni kizuri, ila sensa inaweza kufaulu kwenye sufuria na ikafeli kwenye mtetemo wa barabara. Pia lazima uifungue, na usiifungue injini ikiwa ya moto, maji yatakuunguza.

Pasua, usichelewe. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuifanya nyepesi, na beringi za tabo zinategemea oili hiyo hiyo. Nusa kijiti cha oili.

Wa_Pasua (Moshi)
Mrejesho, wakuu. Skana ilisoma hasi 40. Nilipounganisha matundu, namba iliruka pale tu nilipoibana soketi kwa mkono. Ndani pini zina kutu ya kijani. Fundi amefunga soketi nyingine, sensa ni ile ile ya zamani. Leo asubuhi maji 19, hewa 18. Nimepanda nayo hadi Arusha, joto likabaki kwenye 90 hivi, nikazima Tengeru na ikawaka mara moja. Oili ilikuwa inanuka petroli kweli, nimeimwaga yote. FundiUmeme, Mungu akubariki.

Kibosho_4x4
Nami kesho nachungulia soketi yangu.