Afisa ustawi halmashauri: niache kazi niende NGO au niombe uhamisho? Naombeni ushauri

Ustawi_Kona: Habari za jioni wakuu. Mimi ni afisa ustawi wa jamii halmashauri moja kanda ya ziwa, nimesoma pale Chuo cha Ustawi wa Jamii Kijitonyama. Nimechoka jamani. Ofisi yangu ni kona ndani ya chumba cha lishe, mama akija kueleza yaliyomkuta nyumbani watu wa lishe wanasikiliza huku wanahesabu maboksi. Gari la kuazima, mafuta hakuna, kumfuata mtoto kijijini unapanda boda kwa hela yako. Sasa kuna NGO Dodoma wamenipa mkataba wa mwaka mmoja, hela inaeleweka. Niende au niombe uhamisho? Nataka niwe nimeondoka kabla mwezi haujaisha.

Dereva Semi: Uache ajira ya kudumu kwa mkataba wa mwaka? Shemeji yangu aliacha ualimu akaenda kwenye mradi, mradi ukafungwa, sasa hivi anauza mkaa na kofia ya mradi kichwani 😂

Shangazi Mbagala: Ustawi ndio nyie mliompa baba watoto wakati mtoto wangu mdogo hajafika hata miaka 7 na Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema anakaa na mama. Nilihangaika ofisini kwenu mpaka mlinzi akawa ananiwekea kiti. Nenda zako huko.

Wakili Uchwara: Shangazi, sheria inaanzia hapo ila mwenzio akileta ushahidi mahakama inaweza kuamua vingine. Mleta uzi, kabla ya mwisho wa mwezi kuna nini?

Ustawi_Kona: Uchovu tu mkuu.

Wakili Uchwara: Uchovu hauna tarehe.

Ustawi_Kona: Haya. Kuna binti mdogo, mtendaji wa kata alinipigia usiku, baba wa kambo kamchoma viganja na kijiko cha moto, mama alishafariki. Dawati la jinsia na watoto pale polisi wakafungua jalada. Makao ya watoto wakasema wamejaa, mlezi wa kuaminika tunayemtegemea alikuwa msibani. Nikalala naye kwangu. Bado yupo.

Wakili Uchwara: Tangu lini?

Ustawi_Kona: Masika. Ila sasa hivi anakula, anacheka, nimeshamwandikisha shule.

Wakili Uchwara: Kwa jina la nani?

Ustawi_Kona: Langu. Mwalimu mkuu alitaka jina la mzazi, ningeandika la aliyemchoma? Na Dodoma naenda naye. Shida bibi yake mzaa mama ameanza kumuulizia.

Mama Baraka: Mungu akuzidishie dada, mtoto ni baraka, achana na hao wa sheria.

Wakili Uchwara: Baraka ina jalada polisi. Sheria ya Mtoto ya 2009 unaijua kuliko mimi, kumkabidhi mtu mtoto ni amri ya mahakama, kumuasili ni mahakama, na ripoti wanayoisoma huko unaandika wewe. Ndugu ndio wa kwanza kutafutwa.

Ustawi_Kona: Nimefika kwa bibi, vyumba viwili, wajukuu wamelala mpaka jikoni. Nimewarudisha wengi kwa bibi wa namna hiyo, najua wanavyoishia.

Chapati Mbili: Hii ni chai 🍵 stori ya kutunga. Akaunti ya juzi, mkuu wa idara miezi yote hajauliza mtoto yuko wapi, dawati nao kimya? Sukari imezidi.

Kijana wa Posta: Kuna uzi kama huu ulipita, ila yule alikuwa nesi.

Shangazi Mbagala: Chai au maji, bibi akipiga 116, ile namba ya kuripoti ukatili wa watoto, utajieleza.

Ustawi_Kona: Mkuu wangu anajua. Alisema "kaa naye kidogo tutaona", hakuandika popote. Anayesema chai aje awaulize watu wa lishe.

Chapati Mbili: Lishe ya halmashauri gani?

Wakili Uchwara: Usimjibu. Kesho andika barua kwa mkurugenzi, nakala dawati, bibi aitwe asikilizwe. NGO waombe wakusogezee tarehe.

Ustawi_Kona: Barua ikitoka tu watamchukua. Tiketi nimeshakata, mbili.

Dereva Semi: Hiyo NGO hawatafuti dereva? Nina daraja E.