Watoto wa Bi Mkubwa: siku friji ilipokufa

*Jumanne, saa 12:38 asubuhi*

Mama Rama: Shikamooni wakubwa. Wadogo hamjambo. Jamani friji langu limekufa

Mama Rama: Umeme ulikatika saa nane usiku ukarudi kwa kishindo, taa ikawaka nyeupeee halafu basi. Nimeamka barafu zote maji. Askirimu za ubuyu ndoo nzima uji mtupu

Bi Mkubwa: 🎤 (sekunde 14) Marahaba. Pole mwanangu. Hiyo droo ya chini uliyoniwekea vibua vyangu vya Ijumaa, navyo vimeyeyuka?

Mama Rama: Navyo mama. Na vya Mama Twaha kilo mbili alizoniwekea

Zuu Mwanza: Pole sana dada 😭 Ila si nilikwambia ununue ile gadi ya elfu ishirini? Ya kuchomeka katikati, inalinda friji umeme ukirudi kwa kishindo

Mama Rama: Zuu naomba usianze

Bi Mkubwa: 🎤 (sekunde 22) Vibua usivitupe, havijaoza, vimelegea tu. Paka chumvi na ndimu sasa hivi, ukaange, jioni uviweke na mihogo hapo kibarazani. Mama Twaha mpe hela yake ya vibua kwanza ndipo uhesabu yako.

Baba Rama: 👍🏾

Kaka Mkubwa: Poleni wa Tandika. Fundi amesemaje?

Mama Rama: Kaja saa hii hii, hata hakukaa. Kasema kompresa. 140 kompresa, gesi 40, ufundi 20

Kaka Mkubwa: Laki mbili.

Mama Rama: Laki mbili kaka. Na mimi kwenye kibubu nina 38, hapo 20 ni ya Rama ya twisheni na mchango wa mtihani. Elimu bure lakini bahasha haziishi

Mama Rama: Jana LUKU ya umeme nimeweka 5,000 nimepata yuniti 9.8 tu, wameshakata ile 1,500 ya kodi ya jengo

Zuu Mwanza: Jengo la mwenye nyumba, kodi ya mpangaji. Sijawahi kuelewa hii nchi

Kaka Mkubwa: Kwa sheria anatakiwa akurudishie kwenye kodi ya pango, mpelekee risiti

Mama Rama: Kaka huyo mzee nikimpelekea risiti atanipelekea notisi

*Saa 2:05 asubuhi*

Mama Rama: Hapa mtaani kuna dada anatoa mkopo. Laki mbili, jioni hii hii unapata. Rejesho elfu tisa tu kwa siku, mwezi mmoja umemaliza. Mimi kwa siku barafu na juisi siku ikiwa nzuri nabaki na 12 mpaka 15. Naona naweza

Shangazi Mbagala: Nani kasema tisa TU

Shangazi Mbagala: Mama Rama usisaini kitu. Namenya mihogo, nakuja

Kaka Mkubwa: Subiri tupige hesabu kwanza. Laki mbili unapewa kamili?

Mama Rama: Fomu 10, na 5 sijui bima. Napata 185

Kaka Mkubwa: Sawa. Umeshika 185,000. Unarejesha 9,000 x siku 30 = 270,000. Tofauti 85,000. Hiyo ni karibu asilimia 46 kwa mwezi mmoja. Benki Kuu kwa hawa wakopeshaji wa daraja la pili, wasiopokea akiba za watu, imeweka riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani kwa laki mbili ni elfu saba. Muulize huyo dada leseni yake iko ukuta gani.

Kaka Mkubwa: Na kuna jambo watu hawalioni. Unaanza kurejesha KESHO. Siku ya 15 umeshawapa 135,000. Kwa hiyo hizo laki mbili hukukaa nazo mwezi, ulikaa nazo wiki mbili hivi na bado riba ni ya mwezi.

Zuu Mwanza: Mwalimu bwana 👏🏾👏🏾

Mama Rama: Nimeelewa kaka. Lakini bila friji hata hiyo 12 siipati. Nikae niangalie ukuta?

Binamu Kibaha: *Umetumiwa mara nyingi* PATA MKOPO NDANI YA DAKIKA 5 BILA DHAMANA BILA MASHARTI BONYEZA HAPA...

Shangazi Mbagala: We mtoto futa hiyo kitu kwenye kikundi changu

Binamu Kibaha: Samahani Shangazi nilidhani nasaidia

Shangazi Mbagala: Haya. Nimekaa. Niandike taratibu maana hili sijawahi kuwasimulia wote, wifi yangu Bi Mkubwa tu ndiye anajua

Shangazi Mbagala: Mnakumbuka mwaka ule mjomba wenu wa Kilwa alipolazwa. Nilichukua laki tatu, mkopo wa mtaani kama huo, ndiyo tunauita kausha damu. Nikasema nitauza vitumbua nirejeshe. Wiki ya pili mvua, watu hawanunui vitumbua mvua ikinyesha alfajiri. Rejesho likanipita siku mbili. Nikachukua kikundi cha pili kulipia cha kwanza

Shangazi Mbagala: Mpaka mwezi wa tano nilikuwa na vikundi vinne. Jumatatu kwa mama fulani, Jumatano kule kwa wadada wenye fulana za kijani, Alhamisi wawili. Mkikaa kwenye kikundi mmoja akipungua hamtoki, mlango unafungwa mpaka rejesho litimie. Nimewahi kukaa mpaka saa tatu usiku kwa sababu ya 4,000 ya mwenzangu, na mwenzangu naye kakaa kwa ajili yangu

Shangazi Mbagala: Nilikuwa naijua sauti ya pikipiki ya afisa mikopo tangu kona ya msikiti. Nikiisikia nazima jiko, moshi usionekane. Maharage yanabaki nusu, hayajaiva hayajawa mabichi. Watoto wamekula maharage ya namna hiyo mwezi mzima hawajui kwa nini

Mama Rama: Shangazi 😢

Zuu Mwanza: Kumbe lile kochi hukuliuza

Shangazi Mbagala: Kochi walibeba. Na sabufa na mtungi wa gesi, ule mkubwa. Niliwaambia nimeuza ili ninunue jipya. Mpaka leo mnaona nakalia mkeka nasema ndiyo uzuri wa kipwani

Bi Mkubwa: 🎤 (dakika 1:03) Mimi nilijua. Nikampa kiwanja changu kidogo cha Kongowe akauza nusu, ndiyo akatoka. Na nikamwambia ukiona shida niambie mapema, mimi sichekeshwi na shida ya mtu. Sasa nyie mnaona mtu anacheka kwenye harusi mnadhani hana neno.

*Saa 3:20 asubuhi*

Shangazi Mbagala: Sasa njia ni hii. Mchezo wetu wa kuchangiana kila wiki mimi ndiye kijumbe, nakusanya na kugawa. Watu 15, elfu kumi kumi, 150. Zamu yako ni ya 11, tuko ya sita. Naweza kuongea na Mama Twaha wa zamu ya saba mbadilishane, Jumapili unapokea

Zuu Mwanza: Ila Shangazi ukipokea mapema si deni vilevile? Unabaki unalipa wiki nane

Shangazi Mbagala: Ni deni. Lakini halizai

Zuu Mwanza: Na ile mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi, wanawake, vijana na wenye ulemavu? Si imerudi tangu 2024 na haina riba kabisa

Kaka Mkubwa: Ni nzuri lakini mpaka muwe kikundi kilichosajiliwa, andiko, kata, wilaya. Hiyo ni ya kupanga mwaka, si ya barafu ya kesho.

Zuu Mwanza: Sawa. Halafu jamani nina swali jingine kabisa. Kuna namba imenipigia mara tatu tangu jana, wanasema ndugu yangu ana deni la mtandaoni na mimi nimewekwa mdhamini. Kila nikiwauliza ndugu gani wananitukana. Nani kaniweka?

Zuu Mwanza: Mbona kimya

Binamu Kibaha: Si mimi naapa

Mjomba Tanga: Asalaam alaykum. Nilikuwa juu ya bati natengeneza ea kondishena ya watu. Nimesoma kuanzia juu. Mama Rama, huyo fundi alifungua nyuma?

Mama Rama: Waalaykum salaam, shikamoo Mjomba. Hapana, alichomeka akasikiliza akasema kompresa

Mjomba Tanga: Marahaba. Basi chomeka, weka sikio nyuma kwa chini. Niambie linafanyaje

Mama Rama: Linanguruma kidogo kama linataka kuamka, halafu TAK, linanyamaza. Baada ya dakika kadhaa tena

Mjomba Tanga: Haya. CHOMOA umeme kwanza, nisisikie mtu kapigwa shoti. Baba Rama yupo? Ubavuni mwa kompresa, lile pipa jeusi la chini, kuna kikopo kidogo kimechomekwa kwenye pini tatu. Hiyo ndiyo rilei. Achomoe akitikise sikioni. Kizima hakisemi kitu. Kikichakacha kama kayamba, kimeungua ndani

Mama Rama: Ngoja

*Saa 3:51 asubuhi*

Baba Rama: Inachakacha

Mjomba Tanga: 😂 Basi nendeni dukani na hicho hicho mkononi mpate kinachofanana. Siapi, huenda na kompresa imekwama kweli. Lakini anza na cha elfu kumi na kitu kabla ya cha laki mbili

Shangazi Mbagala: Shemeji unaona siku zote umekaa kimya kwenye kikundi hiki kumbe una faida

Mjomba Tanga: Nyie mnaposti magauni ya shughuli, mimi nichangie nini

*Saa 9:17 alasiri*

Mama Rama: LINANGURUMAAAA 🕺🏾🕺🏾

Mama Rama: Rilei 14,000. Baba Rama kaifunga mwenyewe, vidole vyote vimechubuka. Limeshika saa nzima halijazima. Mjomba Mungu akuzidishie

Mjomba Tanga: Amin. Usiweke maji ya barafu mengi kwa mkupuo leo. Na hiyo gadi inunuliwe

Mama Rama: Kuanzia leo natoa mia tano kwa siku kwenye kikopo cha peke yake. Siku arobaini nimeipata. Mpaka hapo umeme ukikatika tu nachomoa

Bi Mkubwa: 🎤 (sekunde 9) Vibua vimeuzika?

Mama Rama: Ndio naviweka mama. Mama Twaha kagoma hela, kasema nimpe vilivyokaangwa

*Saa 1:44 usiku*

Zuu Mwanza: Wamenipigia tena. Sasa wamenitumia picha ya kitambulisho cha NIDA cha mdaiwa. Sitaki kuiweka hapa. Mwenyewe ajitokeze tu kwa heshima

Kaka Mkubwa: *Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Mbagala: Nimeusoma

Bi Mkubwa: 🎤 (sekunde 4) Umesemaje?

Kaka Mkubwa: Ni mimi.

Kaka Mkubwa: Zuu nisamehe mdogo wangu. Hata sikukuandika mdhamini, ile programu ilisoma namba zote kwenye simu.

Zuu Mwanza: Kaka?? Wewe wa asilimia 46??

Shangazi Mbagala: Muacheni aseme. Lete hesabu hapa kama ulivyoleta za mwenzio

Kaka Mkubwa: Nilikopa 60,000. Nikapokea 42,000, siku saba. Siku ya saba sina, nikalipa 18,000 ya kusogeza. Wiki iliyofuata tena 18,000. Ile 60 iko palepale haijapungua hata senti. Benki siwezi, mkopo wa mshahara umeshanikata mpaka nimebaki na theluthi, hawaruhusiwi kushuka hapo.

Mama Rama: Ulikuwa na nini kaka?

Kaka Mkubwa: Msiba wa mama mkwe Songea. Nauli ya watu wawili kutoka Singida, na mkwe mkubwa ukifika pale mkono mtupu hukai.

Mama Rama: Si ungesema? Tungechanga. Siku ile ulituma picha za mazishi tukaandika pole pole tu

Kaka Mkubwa: Mimi ndiye mkubwa. Michango yote humu naandika mimi, nani angeandika wangu.

Bi Mkubwa: 🎤 (sekunde 31) Baba, wewe ni mkubwa kwa hao. Kwangu wewe ni mtoto. Siku nyingine nauli ya msiba usiikope. Mimi nina kuku, nina mdomo wa kuomba.

Zuu Mwanza: Benki Kuu mwezi wa 11 mwaka 2024 ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Kaka angalia kama na hiyo imo. Matusi wanayonitukana, sitashangaa

Shangazi Mbagala: Ataangalia kesho. Usiku huu wanaacha kumpigia mtoto wa watu simu. Mimi 20

Mjomba Tanga: 15

Zuu Mwanza: 15 japo nimetukanwa bure

Mama Rama: 10. Ya friji iliyonusurika

Baba Rama: 👍🏾

Shangazi Mbagala: Sitini. Hatumpi mkononi mtu ambaye simu yake imejaa wadai, hela itamezwa njiani. Tumeni kwangu, mimi namlipia kwenye namba yao, risiti naiweka hapa

*Saa 3:02 usiku*

Shangazi Mbagala: 📷 Picha

Kaka Mkubwa: Nimeiona. Asanteni. Sina la kusema.

Kaka Mkubwa: Wameniandikia sasa hivi: Hongera mteja wetu mwaminifu, kiwango chako kimepanda hadi 120,000.

Zuu Mwanza: 😂😂😂 Jamani

Shangazi Mbagala: Futa hiyo programu. Sasa hivi

Kaka Mkubwa: Nimefuta.

Shangazi Mbagala: Piga picha simu yako nione

Kaka Mkubwa: 📷 Picha

Mama Rama: Na mimi hii yangu 📷 Picha. Barafu za kwanza, zimeshika pembeni, katikati bado maji. Asubuhi zitakuwa tayari

Bi Mkubwa: 🎤 (sekunde 3) Mashallah.

Shangazi Mbagala: Kaka Mkubwa. Pale chini kushoto, karibu na saa, kuna kidude cha kijani kina mpira. Ni nini kile

Kaka Mkubwa: Ile ni ya mechi tu Shangazi. Mikeka ya kubeti. Mia tano mia tano.

*Shangazi Mbagala anaandika…*